Mdomo wa samaki haukai: matatizo ya kukata ncha za mabomba na namna ya kuyatatua

Bomba la mviringo likienda kuungwa ubavuni mwa bomba jingine la mviringo, ncha yake haikatwi mkato mnyoofu kama ya bomba la mraba. Inakatwa iwe na mbinuko wa kulikumbatia lile linaloipokea, na mafundi tunauita mdomo wa samaki. Reli za ngazi, keria za pikipiki, vitanda na toroli zote zinategemea mdomo huo. Ukikaa vizuri, kuchomelea kunakuwa kazi nyepesi. Usipokaa, utajaza pengo kwa vijiti vya kuchomelea, ukuta wa bomba utaungua, na kiungo kitapasuka siku kikibebeshwa mzigo.

Nimekusanya hapa malalamiko yanayojirudia karakanani, yangu na ya vijana ninaowafundisha. Sehemu kubwa ya makosa haya hutokea kabla mashine haijawashwa. Yapo kwenye kupima, kwenye kutafuta katikati, na kwenye kujua ni bomba lipi linaloamua ukubwa wa mdomo.

Maneno machache ili tuelewane: bomba mama ni lile linalopokea. Tawi ni lile linalokatwa mdomo. Koo ni sehemu ya ndani kabisa ya mdomo, na masikio ni zile ncha mbili zinazobaki zimechomoza.

Mdomo haukai, mwanga unapita

Kabla ya kulaumu chochote, pitisha tupa nusu duara ndani na nje ya mdomo. Makombo ya chuma yaliyobaki kwenye ukingo, rangi, au tone la zinki kwenye bomba mama vinatosha kuinua tawi. Mara nyingi shida inaishia hapo, na inachukua nusu dakika.

Ikiendelea, angalia mwanga unapita wapi. Kama ulikata kwa holisoo, ule msumeno wa kikombe, na mdomo unagusa kwenye masikio huku mwanga ukipita kooni, holisoo ilikuwa ndogo. Ukigusa kooni na masikio yakikaa mbali, holisoo ilikuwa kubwa. Chanzo cha kawaida kabisa ni kuchagua holisoo kwa kufuata tawi. Holisoo inafuata kipenyo cha nje cha bomba mama, hata kama tawi ni jembamba kuliko mama.

Kuna mtego mwingine hapo, wa majina ya inchi. Bomba la samani likiitwa la inchi moja, lina milimita 25.4 kwa nje. Bomba la maji la inchi moja lina milimita 33.7 kwa nje, kwa sababu jina lake linatokana na tundu la ndani. Vivyo hivyo, bomba la maji la nusu inchi ni 21.3, la robo tatu ni 26.9, la inchi moja na robo ni 42.4, la moja na nusu ni 48.3, na la inchi mbili ni 60.3. Kijana akitumwa dukani alete "bomba la inchi moja na nusu" anaweza kurudi na la 38.1 au la 48.3, na yote mawili ni sahihi kwa jina. Kama huna venia, kile kifaa cha kupimia kipenyo, zungushia bomba ukanda wa karatasi, weka alama unapokutana, pima, kisha gawa kwa 3.14. Kwa bomba linaloitwa la inchi moja, ukanda ukikupa milimita 80, hilo ni la samani. Ukikupa 106, hilo ni la maji.

Sababu inayofuata ni mdomo kutokuwa katikati. Pima masikio yote mawili kutoka kwenye mstari mmoja uliouchora kuzunguka bomba. Yakitofautiana kwa zaidi ya milimita moja, holisoo ilihama. Labda keekee ya katikati iliteleza kwa kukosa alama ya sentapanchi, kile chuma cha kudonoa kitundu cha kuanzia, labda vaisi, ile jozi ya taya inayobana bomba, haikuwa chini ya mhimili wa drili, au shafti ya jigi, kile kifaa kinachoshikilia holisoo na bomba, imelegea kwenye beringi. Shika holisoo kwa mkono mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme, uitikise. Ukihisi inacheza, badili beringi au bushi kabla ya kukata bomba jingine.

Wanaokata kwa grainda, ile mashine ya mkononi ya diski, wana ugonjwa wao, na ndio unaonisumbua zaidi kuuona, kwa sababu fundi anafuata mstari kwa uaminifu kabisa na bado mdomo haukai. Tatizo ni unene wa ukuta. Diski inakata kuelekea katikati ya bomba, kwa hiyo ukingo wa ndani na ukingo wa nje unabaki na kina kimoja. Lakini kwenye masikio, ukingo wa ndani unakutana na mgongo wa bomba mama mapema kuliko ukingo wa nje. Ule wa ndani unagonga, na tawi linakaa juu juu.

Dawa ni kuchora kiolezo kwa kufuata kipenyo cha ndani cha tawi. Nitatoa mfano mmoja unaotumika sana: bomba la 38.1 lenye ukuta wa milimita 2, likiungwa kwa pembe mraba kwenye bomba mama la ukubwa uleule. Kata ukanda wa karatasi ngumu wenye urefu wa milimita 120, ambao ndio mzingo wa bomba, uugawe sehemu 12 za milimita 10. Chora mstari mmoja mnyoofu: huo ndio mstari wa masikio. Kuanzia alama ya kwanza, shuka chini ya mstari kwa vipimo hivi: 0, 3.5, 8.5, 10.5, 8.5, 3.5, kisha rudia kuanzia 0. Ziunge alama kwa mkunjo laini, kata kwa mkasi, zungushia bomba, chora kwa chaki kali. Kwa bomba la 25.4 lenye ukuta wa milimita 1.5, sehemu zinakuwa za milimita 6.65 na vipimo ni 0, 2.2, 5.4, 6.7, 5.4, 2.2.

Linganisha na kiolezo kinachofuata kipenyo cha nje, ambacho kwa lile la 38.1 kingekupa 0, 9.5, 16.5, 19. Huo ni mdomo wenye kina karibu mara mbili, na utagonga kwa ndani mpaka uyanoe masikio kwa ndani yawe kama wembe. Kiolezo cha kipenyo cha ndani kinakupa kingine cha bure: kwa nje kunabaki mfereji mdogo ambao kijiti cha kuchomelea kinaingia vizuri.

Ukiwa na mashine ya kukatia inayogeuka nyuzi, unaweza kukata mikato miwili minyoofu ya nyuzi 30, mmoja kila upande, ikutane kwenye masikio. Kwa mabomba yenye kipenyo kimoja na ukuta wa milimita 1.5 hadi 2, mikato hiyo inakaribia sana mdomo halisi, na tupa inamaliza. Tawi la 25.4 likienda kwenye mama la 38.1 ni rahisi zaidi: kina kizima hakifiki milimita 5.

Mwisho katika kundi hili ni bomba kubanwa hadi likawa yai. Hutokea sana kwenye stenlesi nyembamba: mdomo unakaa vizuri bomba likiwa kwenye vaisi, ukilifungua halikai. Pima kipenyo kwa njia mbili zinazokatana. Likiwa limeminywa, tengeneza vipande viwili vya mbao ngumu vyenye mfereji wa umbo la V, ubanie humo.

Bomba limekuwa fupi

Hili limenigharimu mimi mwenyewe. Nilikuwa na reli ya ngazi, nafasi kati ya nguzo na nguzo milimita 600, mabomba yote ya 38.1. Nikakata vipande vinane vya 600 kamili, vimenyooka, vizuri, kisha nikavikata midomo. Kila kipande kikawa kifupi kwa milimita 38. Hakuna hata kimoja kilichofika nguzo zote mbili, na bomba lile nililinunua tena kwa fedha yangu.

Kipimo cha nafasi kati ya nguzo ni kipimo cha koo hadi koo. Masikio yanapita hapo. Ukitumia holisoo kwa mabomba yenye kipenyo kimoja, urefu wa kukata kabla ya midomo ni kutoka katikati ya nguzo moja hadi katikati ya nyingine, yaani 600 na 38, sawa na 638. Ukitumia kiolezo cha grainda nilichoeleza juu, masikio yana 10.5 kila upande, kwa hiyo kata 621.

Kama kosa limeshatokea, usijaze. Pengo la zaidi ya milimita moja kwenye ukuta wa 1.5 halifungwi kwa vijiti likawa na nguvu. Kiweke kipande pembeni kwa kazi fupi zaidi.

Midomo miwili haitazamani

Kila mdomo peke yake uko sawa, lakini ukiweka kipande kati ya nguzo mbili, upande mmoja unakaa na mwingine umegeuka. Bomba lilizunguka wakati wa kugeuzwa kwenye vaisi.

Ili kuhakiki, laza bomba nyoofu kwenye kila mdomo, kisha funga jicho moja uangalie kutoka mwishoni kabisa mwa tawi. Mabomba hayo mawili yanapaswa kufichana. Ukiona moja limeinama kuliko lingine, umelipata kosa.

Kinga yake ni mstari mnyoofu kwenye mgongo wa bomba kutoka mwisho hadi mwisho. Chukua engo, kile chuma cha pembe, ukilaze juu ya bomba kama paa la nyumba. Kitakaa chenyewe sambamba na bomba, na ukichora kando yake unapata mstari usiopinda. Usitumie mshono wa bomba badala ya mstari. Mshono unaweza kuzunguka kidogo kidogo, na kwenye kipande cha mita mbili utakudanganya.

Holisoo inapiga kelele, inadaka, au inavunjika meno

Mwendo wa drili ndio wa kwanza kushukiwa. Kwa chuma cha kawaida, holisoo ya milimita 25 inataka takriban mizunguko 350 kwa dakika, ya 38 inataka 230, na ya 51 inataka 170. Kwa stenlesi punguza nusu. Drili nyingi za mkononi zinakwenda mara kumi ya hapo zikiachiwa, na meno yanageuka bluu kabla hujafika nusu ya ukuta. Bluu hiyo ikishatokea, ukali haurudi.

Kisha angalia kama bomba limebanwa kweli. Likitikisika hata kidogo, jino linaloingia kwenye ukuta mwembamba linanasa na kung'oka. Halafu mafuta: hata mafuta ya injini mapya ni bora kuliko kukata pakavu, ila mafuta ya kukatia ndiyo yanayofaa. Kwenye stenlesi usiiachie holisoo isugue bila kukata. Chuma kile kinakuwa kigumu pale kinaposuguliwa, na ukirudi hapohapo meno hayaingii tena. Shinikiza kwa uthabiti, mwendo wa taratibu, au acha kabisa.

Kwenye mkato wa kulala, yaani tawi linapoungwa kwa mshazari, holisoo inagusa upande mmoja tu mwanzoni. Hapo ndipo meno mengi hufa. Anza kwa kugusa kwa upole mpaka ijichimbie njia, ndipo uongeze nguvu. Pia mkato wa kulala ni mrefu, na kikombe cha holisoo ya kawaida kinaweza kujaa kabla hujamaliza: inazunguka, inanguruma, haikati. Simamisha, kata kipande kilichoingia ndani ya kikombe kwa msumeno wa mkono, endelea.

Onyo. Drili ya mkononi yenye nguvu ikidaka bomba inageuza kifundo cha mkono na kukivunja. Tumia drili ya meza au jigi iliyofungwa kwenye vaisi. Usivae glavu mbele ya drili inayozunguka, wala mikono mirefu iliyolegea. Kitambaa kikinaswa, mkono unafuata. Miwani haina mjadala.

Pembe imetoka tofauti na niliyopanga

Ulitaka tawi lilale nyuzi 30 kutoka kwenye bomba mama, limetoka limesimama nyuzi 60. Jigi nyingi zinahesabu 0 pale mkato unapokuwa wa mraba. Kwa hiyo kipimo cha jigi ni 90 ukitoa pembe unayoitaka kati ya mabomba mawili. Kwenye nyuzi 45 kosa halionekani, kwa sababu pande zote zinatoa 45, na ndiyo maana mtu anaweza kufanya kazi miaka miwili bila kugundua. Kata kwanza kipande cha majaribio cha urefu wa kiganja.

Diski ya grainda inapasuka au inanasa

Sababu inayoongoza kwenye kazi hii ni kutumia ubavu wa diski ya kukatia kunolea mdomo. Diski ya milimita 1 imetengenezwa kukata kwa ukingo. Ukiiminya kwa ubavu inapasuka, na vipande vyake vinaruka kuelekea usoni. Kata karibu na mstari kwa diski ya kukatia, kisha badilisha: weka diski ya kusagia au ya msasa wa tabaka. Ni dakika moja.

Soma namba zilizoandikwa kwenye diski. Ya milimita 115 kwa kawaida inaruhusiwa mpaka mizunguko 13,300 kwa dakika; ya 230 inaruhusiwa 6,650 tu. Anayeondoa kinga ili afunge diski kubwa kwenye grainda ndogo anaizungusha karibu mara mbili ya uwezo wake. Nikikuta hivyo karakanani, nachomoa umeme kwanza ndipo naongea.

Mdomo umekaa, lakini kuchomelea kunaharibika

Ukuta unatoboka kwenye masikio. Holisoo inaacha masikio membamba kama wembe, na moto wa kwanza unayala. Punguza ncha zake kwa milimita moja au mbili kwa tupa kabla ya kupiga taki, yale madoa madogo ya kuchomelea yanayoshikiza kazi. Kisha angalia moto: kwa kijiti cha milimita 2.5, kile cha geji 12, anza chini, kama ampea 60, kisha ongeza taratibu. Geji 10 kwenye bomba la ukuta wa 1.5 ni kutafuta matundu.

Tawi linalala upande baada ya kuchomelewa. Ulimaliza upande mmoja wote ndipo ukaenda mwingine. Piga taki nne zinazokabiliana, hakiki kwa skwea, kile kipimo cha pembe mraba, kisha chomelea vipande vifupi kwa kubadilishana pande.

Kiungo kinakaribia kufunga, chuma cha mwisho kinatoa povu na kulipuka nje kama chunusi. Hapo hewa imefungiwa. Ncha zote mbili za tawi zikizibwa na mabomba mama, hewa iliyopashwa moto haina pa kutokea. Toboa tundu la milimita 3 hadi 5 kwenye bomba mama, ndani ya eneo litakalofunikwa na mdomo. Halitaonekana, na hewa itapita. Kama kazi itapelekwa kuchovywa zinki, tundu hilo ni la lazima: zinki ile ina joto la nyuzi 450 hivi, na bomba lililofungwa likizamishwa humo linaweza kulipuka.

Kwenye bomba la zinki, moshi mweupe na kijiti kinachorukaruka ni zinki inayochemka. Isage iondoke sentimita chache kila upande wa kiungo, ndani na nje, na ufanye kazi penye upepo. Aliyevuta moshi huo hupata baridi, homa na ladha ya chuma mdomoni saa chache baadaye. Maziwa hayazuii moshi kufika mapafuni, ingawa wengi wetu tumefundishwa kwamba yanazuia. Kifua kikibana au pumzi ikikata, nenda hospitali.

Kazi za kuacha

Usikate wala kuchomelea bomba au tangi lililowahi kubeba petroli, dizeli au gesi, hata kama limekaa wazi mwaka mzima. Mvuke uliobaki unatosha kulipuka, na kusafisha vitu hivyo kuna wataalamu wake. Mabomba ya gesi na ya mvuke yenye shinikizo vilevile: mpishe fundi mwenye cheti cha kazi hiyo.

Kizimba cha usalama ndani ya gari la mashindano nacho kina kanuni zake. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zinataka tao kuu liwe la bomba lisilo na mshono, lililovutwa baridi, la milimita 45 kwa ukuta wa 2.5 au 50 kwa 2.0. Bomba la samani lenye mshono halimo humo, hata mdomo wake ukae bila kupitisha mwanga. Akija mteja anayetaka kukimbia mbio za magari na kukuomba umtengenezee kwa bomba ulilonalo, mwelekeze kwa anayejenga vizimba vinavyokaguliwa.

Kwa reli za ghorofani na majukwaa ya kusimamia watu, chora, pima, kata midomo, piga taki, kisha mwite mhandisi wa jengo aone viungo kabla hujachomelea moja kwa moja. Taki nne zinakatwa kwa diski moja iwapo atasema bomba ni jembamba.